Maji ya Sharifa kwenye Chupa za Kankolongo

Dada yangu Sharifa binti Sumaili hajui kufanya kitu kidogo. Akipika wali wa watu wa nyumbani, majirani nao wanashiba. Akifagia uwanja wake, anavuka mpaka na kufagia wa jirani, halafu anagombezwa kwa kuhamisha takataka. Ukipita kwake kuuliza njia tu, utakalishwa kwanza, utaletewa maji ya mtungini juu ya sahani yenye kitambaa, na njia utaonyeshwa baadaye. Mama yetu alimlea hivyo. Yeye naye alilelewa na watu wa Nyangwe, ambao walikuwa na sheria nyingi kuhusu mgeni na chache kuhusu mambo mengine.

Mimi ni mdogo wake, Kasimu. Ninashona nguo, na cherehani yangu iko barazani kwake, hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, tangu alipofiwa na mumewe. Sina maneno mengi mbele ya watu. Kwa hiyo watu husema mbele yangu kana kwamba barazani hakuna mtu, na ndivyo nilivyoyasikia mambo haya.

Mumewe, marehemu Abedi, alikuwa mtu wa reli. Alipopumzishwa kazi, yeye na Sharifa walichimba mabwawa ya samaki katika bonde la kijito cha Misenge, nyuma ya mtaa wetu. Walichimba matatu, moja chini ya jingine, maji yaingie la juu na kushuka mpaka la mwisho. Abedi alifariki kabla la mwisho halijajaa. Sharifa alifunga kanga kiunoni, akalimaliza mwenyewe. Tangu hapo mtaa wetu ulikula ngege wabichi wakati mitaa mingine inangoja samaki wa moshi kutoka mtoni. Aliwalisha pumba za mpunga na majani ya mihogo, na alizungumza nao. Niliwahi kumsikia akimgombeza mmoja kwa uroho.

Juu ya kijito, upande wa reli, palifunguliwa baadaye depo ya mbao. Magogo yaliletwa kutoka msituni, yakapasuliwa, na mbao zikaloweshwa katika dawa nyeusi ili mchwa wasizile. Jua likiwaka, harufu yake ilifika mpaka kwetu. Hakuna aliyeitilia maanani mpaka samaki walipokufa.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, siku chache kabla ya Idi. Sharifa aliteremka bondeni asubuhi, akarudi akikimbia, na si mtu wa kukimbia. Katika bwawa la juu samaki walikuwa wanaelea, matumbo meupe juu. Wiki hiyohiyo bata wa jirani yetu Riziki, ambaye alizoea kuoga humo, akaonekana amelala kando ya njia, hainuki tena.

Riziki ni rafiki ya Sharifa tangu utotoni, kwa hiyo ana ruhusa ya kumwambia lolote. Alikuja barazani na bata wake mkononi, amemshika miguu.

"Sharifa, weye unatulisha dawa ya muchwa?" akasema. "Asante sana. Sasa hata kaburini muchwa hawatatugusa."

Watu waliokuwa wanapita wakacheka. Sharifa hakucheka. Riziki alipoona hivyo, alimficha bata nyuma ya mgongo, akaondoka bila kuaga.

Maneno yakafika kwa sifu, yaani mkuu wa mtaa, Onema, ambaye kama raia wote wa siku zile aliitwa sitwayeni. Alikuwa mtu mnene, mpole akiwa nyumbani kwake na mkali akivaa abakosti, lile koti la wakubwa lisilo na tai. Siku hiyo alikuwa ameivaa. Alisimama mbele ya nyumba, akasema kwa sauti ya mkutano.

"Sitwayeni Sharifa, mabwawa yamefungwa. Hakuna kuvua, hakuna kuuza. Serikali imetuma mutu wa kupima maji. Maji ikiwa muzuri, utaendelea. Ikiwa mubaya, siku ya salongo tutayafukia yote, mutaa muzima, na majembe."

Siku zile kila Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote. Tulifagia, tulizibua mitaro, tulilima barabara. Nilipomsikia Onema niliwaona majirani zetu akilini, wale waliokula samaki wa Sharifa miaka yote, wakimwaga udongo juu ya kazi ya Abedi.

Lakini nilikosea kuhusu kilichomuuma dada yangu. Jioni ile, tulipokuwa tunakula, alisukuma sahani yake.

"Kasimu, si mabwawa," akasema. "Ni Jamila."

Jamila ni binti ya Riziki. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, kubwa tayari, na miezi yote hiyo Sharifa alikuwa akimpelekea samaki, tena wale wa bwawa la juu, wenye mafuta. Hakungoja aombwe. Alimkalisha na kumwangalia mpaka amalize.

"Kama ile maji iko na sumu, nimemulisha mutoto wa mwenzangu kwa mukono wangu. Na ule wa tumboni pia."

Nilimwambia ale. Hakula, na siku zilizofuata alikula kama ndege.

Mtu wa kupima maji aliitwa Kankolongo. Alikuja kwa treni kutoka Kasai, pamoja na mama yake mzee, na kreti za chupa ambazo hakuruhusu mtu mwingine kuzibeba. Alikuwa kijana mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na chuo cha serikali kilichomtuma kilimpatia chumba cha nyuma katika ofisi ya kilimo. Wakati huo majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, lakini mama yake hakujali. Alimwita "Tharcisse!" kutoka jikoni, naye Kankolongo alikimbia kufunga dirisha.

Siku ya kwanza aliyoteremka bondeni aliomba samaki mmoja mzima. Sharifa alimkamata mkubwa kuliko wote katika bwawa la kati, akamletea na sufuria yake, na limau, na pilipili. Kankolongo alimshika samaki kwa kitambaa kilicholowa, akakata ncha ndogo ya pezi la mkia, ndogo kama ukucha wa mtoto, akaitia katika kichupa cha dawa. Halafu akamrudisha samaki majini.

"Njo hiyo tu?" Sharifa akauliza.

"Njo hiyo tu, mama. Pezi litaota tena."

"Na mimi nimeleta pilipili!"

"Pilipili nitaichukua," Kankolongo akasema, na kwa kweli akaichukua.

Chumba chake nilikijua vizuri kwa sababu alinipa kazi. Alitaka pazia la kufunika sanduku la kioo alilofanyia kazi, na vitambaa vya kufunga mdomo na pua, vumbi na pumzi visiangukie chupa zake. Nilipopeleka pazia, Sharifa alinifuata. Alisema anataka kuona pezi la samaki wake linatunzwa namna gani.

Kankolongo alitueleza bila haraka. Kila kilicho hai, alisema, kimejengwa kwa seli, vitu vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Ile ncha ya pezi aliikatakata, akaiosha kwa dawa za kuua vijidudu, akaiweka katika chupa bapa yenye mchuzi wa chumvi na chakula. Baada ya siku kadhaa seli zilitambaa kutoka kwenye pezi, zikashika sakafu ya chupa, zikaanza kuongezeka. Seli za mtu au za ng'ombe zingetaka sanduku la joto na hewa ya pekee, na umeme usiokatika. Seli za samaki wetu zilitosheka na joto la Kindu na kizibo kilichofungwa vizuri. Umeme ulikatika kila siku, nazo hazikuwa na habari.

Alitupisha tutazame katika mikroskopi. Nilizoea kutazama tundu la sindano, kwa hiyo niliona upesi. Zilikuwa zimelala upande kwa upande, kila moja imeshikana na mwenzake, kama ukili wa mkeka. Sharifa alifumba jicho lisilo sahihi mara kadhaa kabla hajaona. Alipoona, hakuondoa jicho.

"Zinakula nini?" akauliza mwishowe.

"Mchuzi huo, mama."

"Kidogo hivyo?"

"Zinatosheka."

Sharifa alitikisa kichwa. Hakuamini.

"Sasa," Kankolongo akaendelea, "nikitia maji ya kijito chako ndani ya chupa hii, seli zitaniambia. Nitangoja, halafu nitatia rangi nyekundu. Seli iliyo hai inakunywa rangi. Iliyokufa hainywi. Tukiona nyekundu, maji hayana sumu ya kuwaua. Tukiona nyeupe, yana kitu kibaya ndani yake. Hivi sina haja ya kuua samaki wako ndoo nzima ili nijue."

"Basi utie leo."

"Nitatia kesho. Nataka maji ya asubuhi, mvua ikiwa imenyesha, yanapoingia bwawa la juu."

Lakini kesho yake homa ilimwangusha. Hewa ya kwetu bado ilikuwa inamjaribu. Alituma chupa mbili za kioo kwa Sharifa, zimefungwa kwa karatasi, na maneno haya kupitia kwa mama yake: chupa zimechemshwa, zisioshwe, zijazwe palepale maji yanapoingia, zifungwe, ziletwe mara moja.

Nilikuwa barazani Sharifa alipozifungua. Alinusa moja, akakunja uso.

"Inanuka hospitali," akasema. Akaingia nazo ndani.

Mvua ilinyesha. Alizijaza, akazipeleka mwenyewe, kila moja imefunikwa kwa kitambaa chake cha kufuma.

Kankolongo alifanya kazi yake hata na homa. Maji aliyachuja, akayachanganya na chumvi za mchuzi ili seli zisiumizwe na maji matupu. Katika chupa nyingine alitia maji ya mvua aliyoyakinga kwake, ili awe na cha kulinganisha. Kisha akangoja, akatia rangi. Seli za maji ya mvua zilikunywa rangi, zikawa nyekundu. Zile zilizopewa maji ya Sharifa zilikuwa zimeachia kioo, zimejikunja, zinaelea. Hazikunywa chochote.

Hakumwambia mtu. Alituma tena chupa mbili, na maneno yaleyale. Sharifa akaleta tena maji. Seli zikafa tena.

Ijumaa moja baada ya sala, alikuja nyumbani kwetu pamoja na Onema. Homa ilikuwa imemwachia macho makubwa na shingo nyembamba. Onema alikuwa katika abakosti. Nilipowaona wanakuja pamoja, niliondoa mguu kwenye cherehani.

Sharifa naye alielewa. Lakini mgeni ni mgeni. Aliwakalisha, akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili juu ya sahani. Alikuwa amevijaza mpaka ukingoni, maji yakalowesha kitambaa.

"Mama," Kankolongo akasema, "nilitaka usikie kutoka kwangu kabla ya mkutano. Nimefanya mara mbili. Seli zilizokunywa maji yako zimekufa zote. Na maji yenyewe yana harufu ya utomvu wa mti. Nafikiri ni ile depo. Dawa ya mbao inashuka kijitoni."

"Zote?" Sharifa akauliza.

"Zote."

Alikaa chini kwenye mkeka. Hakulia. Alisema tu, "Jamila," kwa sauti ya chini, na Onema, ambaye hakujua habari ya Jamila, akamkumbusha kwamba kesho ni salongo na watu wameshaambiwa waje na majembe. Hakusema kwa ukali. Alikunywa maji yake yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetaka kuondoka.

Kankolongo akachukua kikombe chake, nadhani ili afiche uso. Akanywa. Akasimamisha kikombe hewani. Akanusa ndani. Akanywa tena, polepole, akiyazungusha maji mdomoni kama anayetafuta jiwe ndani ya wali.

"Mama, maji haya umeyatoa kijitoni?"

"Hapana! Niwape wageni maji ya kijito? Ni ya chemchemi ya misheni. Kasimu anajua."

"Mbona yana harufu ileile?"

"Harufu gani?"

"Ya utomvu! Harufu ya maji uliyoniletea!"

Sharifa alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Onema alichungulia kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu tena.

"Hiyo si harufu," Onema akasema. "Hayo ni maji."

"Ni ya mupafu," Sharifa akasema. "Mutungi si lazima ufukizwe? Ubani wa pwani siku hizi haufiki, tunafukiza utomvu wa mupafu. Kwenu munakunywa maji yasiyo na kitu?"

Hapa niseme kwa wasioijua desturi yetu. Kabla ya kutia maji ya kunywa chomboni, tunaweka makaa katika chetezo, tunatia ubani au utomvu wa mpafu, na chombo tunakigeuza kinywa chini juu ya moshi mpaka kijae. Ndipo tunatia maji. Maji yasiyofukizwa ni ya kuogea. Sisi tumeyanywa hivyo tangu kuzaliwa, na harufu hiyo hatuisikii, kama vile mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake.

Kankolongo aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Mama Sharifa. Zile chupa nilizokutumia. Nilisema zisioshwe."

"Sikuziosha."

"Hukuziosha."

"Hata tone! Ulisema zisioshwe, sikuziosha. Nilizifukiza tu."

Barabarani mtu alipita na baiskeli yenye mnyororo mbovu, na tuliusikia mpaka alipofika pembeni.

"Ulizifukiza," Kankolongo akasema.

"Zilinuka hospitali! Mutu aliyesoma, nitampelekea maji katika chupa inayonuka hospitali? Angesema sikufundishwa."

"Moshi mwingi?"

Nilishindwa kujizuia. "Docteur," nikasema, na nadhani yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake mbele ya watu, "dada hajui kidogo."

Kankolongo akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikakatika uzi, ikaanguka mapajani. Sharifa hakujua kama achukie. Onema aliuliza mara mbili nini kinachochekesha, na alipoelezwa kwamba huenda seli zimeuawa na moshi na si na kijito, alijifuta uso kwa kitambaa.

"Huenda," akasema. "Na kesho ni salongo. Watu nimeshawaita."

"Watu walime barabara," Kankolongo akasema. "Nipe mpaka salongo ijayo. Nitateka maji mwenyewe."

"Na kama bado yanaua?"

"Basi nitashika jembe pamoja nawe."

Onema alifikiri. Kisha akafungua kifungo cha juu cha abakosti, na hapo nikajua kwamba amekubali. "Barabara nayo ina majani," akasema. Akamgeukia Sharifa. "Mama, niongezee maji."

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Mvua iligoma, halafu ikaja kwa wingi. Kankolongo aliteremka bondeni kabla jua halijawa kali, akajaza chupa zake yeye mwenyewe, huku Sharifa amesimama mbali, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Kisha alimwomba jambo lililomshangaza: afukize chupa nyingine moja, kama alivyofanya zile za kwanza, asizidishe wala kupunguza. Hiyo alitia maji safi ya mvua.

"Sasa nitauliza seli maswali mawili," akatuambia. "La kijito, na la moshi."

Siku ya jibu tulikwenda ofisi ya kilimo, mimi na Sharifa, tukakaa kwenye benchi la nje. Sharifa alikuwa ameshika mfuko wa karanga alizomletea mama yake Kankolongo, na kwa kuushika alitoboa karatasi, karanga zikaanguka moja moja bila yeye kuona. Ndani tulisikia chupa zikigongana. Mama mzee alipita, akamwangalia dada yangu, akakaa kando yake. Hakujua Kiswahili cha kutosha, wala Sharifa hakujua Kiluba. Walikaa tu, wanakula karanga.

Mlango ukafunguliwa.

"Njooni muone kwa macho yenu."

Juu ya meza zilikuwa chupa bapa tatu. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mvua peke yake, ya pili maji ya mvua kutoka chupa iliyofukizwa, ya tatu maji ya kijito cha Misenge. Hatukuhitaji hata mikroskopi. Ya kwanza ilikuwa imetandazwa wekundu mzuri, kama mawese yaliyomwagika kwenye sinia. Ya pili haikuwa na rangi.

Ya tatu ilikuwa nyekundu.

Sharifa hakusogea. "Hiyo njo yangu?"

"Hiyo njo ya kijito chako."

"Wako wazima?"

"Wazima, mama. Wamekunywa rangi. Tazama."

Safari hii alifumba jicho lililo sahihi mara ya kwanza. Alitazama muda mrefu. Mimi pia nilitazama, na ule mkeka ulikuwa palepale, umeshikana vizuri, kila ukili na kitone chake chekundu. Nilipoinua uso, Sharifa alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa meza, kanga usoni, mabega yanatikisika. Mama mzee aliingia kwa hofu, akamwuliza mwanawe kwa Kiluba, "Tharcisse," na mengine nisiyoyajua. Safari hii Kankolongo hakukimbilia dirisha.

Sharifa alipofunua uso alikuwa anacheka na machozi pamoja. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Lakini moshi umeziua," akasema. "Basi maji yangu ya kunywa? Nimewapa watu wote wa Kasuku!"

"Hapana, hapana." Kankolongo alichuchumaa mbele yake. "Sikiliza. Seli hizi ziko uchi. Hazina ngozi, hazina tumbo, hazina ini la kuzisafishia. Kinachoziumiza hizo, sisi tunakimeza na hatujui. Ndiyo maana zinafaa kwa kazi hii: zinalia upesi. Mimi nimekunywa kikombe kizima kwako, na homa imepona."

"Imepona kwa sababu ya mupafu," Sharifa akasema, na hapo nikajua kwamba amerudi kuwa yeye.

Palibaki swali la samaki waliokufa. Kankolongo alimwuliza alikuwa akiwalisha nini siku zile.

"Pumba. Kama kawaida."

"Kiasi gani?"

"Idi ilikuwa karibu. Nilitaka wanenepe. Niliwaongezea kidogo."

Nilitazama dirishani. Niliyabeba magunia hayo mwenyewe, na mgongo wangu bado uliyakumbuka.

Kankolongo alinitazama, akaelewa. Alimweleza Sharifa kwamba pumba zisizoliwa zinaoza chini ya bwawa, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Mvua ilipoleta majani yakaziba mfereji, maji yakasimama, samaki wakakosa pumzi. Hakuna aliyewapa sumu. Aliongeza kwamba hawezi kuiapia ile depo. Angependa kuyapima maji kila baada ya mvua kubwa, maana leo si kesho.

Sharifa alisikiliza nusu. Tulipotoka hakupitia kwetu wala kwa Onema. Alikwenda moja kwa moja kwa Riziki. Jamila alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, miguu imevimba, amechoka. Sharifa alimshika uso kwa mikono miwili.

"Maji iko muzuri," akamwambia. "Samaki iko muzuri. Iko muzuri, mama."

"Nilijua," Jamila akasema. "Nilikuwa nawala hata baada ya kukatazwa. Mama alikuwa anawavua kwa kanga bwawa la mwisho."

Riziki, mlangoni, alianza kukohoa.

"Na bata?" Sharifa akamwuliza. "Ule bata uliyeniletea mbele za watu?"

"Ule bata," Riziki akasema, akitazama pembeni, "alikuwa muzee. Ni wa marehemu mama mukwe. Lakini siku ile nilikuwa na uchungu."

Walicheka mpaka Jamila akaomba waache, tumbo linamuuma.

Jumamosi watu walikuja na majembe kama walivyoagizwa. Onema alisimama ukingoni mwa bwawa la juu, akatangaza kwamba maji yamepimwa na ni mazuri, na kwamba kazi ya leo ni kuzibua mfereji na kutoa tope la pumba. Palikuwa na kelele za furaha, na nyingine za kulalamika, kwa kuwa tope linanuka kuliko udongo.

"Kufukia kungekuwa rahisi!" Riziki akapiga kelele, matope mpaka magotini. "Sharifa, weye unawapenda samaki mpaka unawanyima pumzi!"

"Chimba!" Sharifa akamjibu. "Uliyekula bila kulipa, chimba mara mbili!"

Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yanashuka tena kutoka bwawa moja hadi jingine, na yalikuwa na sauti. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Sharifa alikaa kwenye ukingo wa bwawa la mwisho, lile alilolimaliza peke yake, miguu ndani ya maji. Hakupika siku hiyo. Alisema amechoka, na akalala mpaka alasiri, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Jamila alijifungua msichana, mzima, mwenye sauti. Jina alipewa la Sharifa, na alijua mapema kudai chakula.

Kankolongo bado yuko nasi. Mvua kubwa ikinyesha huleta chupa zake barazani, na Sharifa huzijaza, maana miguu yake inalijua bonde kuliko ya mtu yeyote. Anapozirudisha, Kankolongo hufungua kila moja mbele yake na kunusa ndani, polepole, macho yamefumbwa. Sharifa hugeuza uso upande mwingine, kanga mdomoni, anangoja. Nami husimamisha cherehani.

"Hakuna kitu," Kankolongo husema.

"Chupa bila moshi, aibu tupu," Sharifa hujibu, na kuingia ndani kumletea maji yake ya kunywa.